Gari lililozoea mia kwenye nchi ya tisini na ushei

Subaru Forester ya turbo ikishuka bandarini Kilindini kutoka Japani, mara nyingi huwa na kibandiko kidogo ndani ya mlango wa tangi, maandishi ya Kijapani matupu. Mnunuzi hukiona siku ya kwanza, kisha hakitazami tena. Kibandiko kile ni sharti la injini: nipe petroli ya premium isiyo na risasi. Kwa viwango vya Japani, petroli ya kawaida ni ile yenye oktani isiyopungua 89, na premium ni isiyopungua 96, ingawa sheli za huko zimezoea kuuza premium ya 100. Wahandisi walioiandikia kompyuta ya gari lile programu yake waliyafikiria mafuta hayo. Gari likafika kwetu, likajazwa Super, na Super yetu ni ya tisini na ushei.

Kwa hiyo lile swali linaloulizwa kila siku, niweke ya kawaida au premium, kwa mwenye gari la namna hii limeshajibiwa kabla hajafika sheli. Ya kawaida ndiyo tuliyonayo. Kilichobaki ni kujua gari hufanya nini linapopewa pungufu ya lilichoahidiwa, na mwenyewe afanye nini. Nayaandika haya kwa sababu nawaona vijana wakitia akiba ya miaka kwenye Impreza na Forester, halafu wanashauriwa mambo mawili yanayopingana. Huyu anawaambia turbo hula chochote. Yule anawaambia usipoweka mafuta ya bei ya juu injini itakufa kesho. Yote mawili si kweli, na yote mawili yanawatoa pesa mfukoni.

Tuanze na oktani yenyewe, maana hapa ndipo upotofu unapozaliwa. Oktani si nguvu. Lita moja ya petroli ya 100 haina joto la maana kuishinda lita ya petroli ya 91. Ethanoli inalithibitisha hilo vizuri: oktani yake inapita 100, na bado nishati iliyomo katika lita yake ni pungufu ya ile ya petroli kwa karibu theluthi. Namba hiyo inapima jambo moja tu, nalo ni uwezo wa mafuta kuvumilia kubanwa na kupashwa moto bila kujiwasha yenyewe.

Ndani ya silinda mambo huenda hivi. Pistoni inapanda ikigandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli. Kabla haijafika juu kabisa, plagi inapiga cheche, na moto unaanzia pale kwenye plagi ukisambaa kuelekea kuta. Gesi inayoungua inatanuka, na kutanuka kwake kunaibana ile ambayo moto bado haujaifikia, iliyojibanza pembeni. Mafuta yakiwa na oktani ya kutosha, gesi ile ya pembeni inasubiri zamu yake. Yakiwa na oktani ndogo kuliko injini inavyodai, haisubiri. Inalipuka yote kwa mpigo, wimbi la shinikizo linapiga kuta za silinda, na wewe uliye ndani ya gari, vioo vikiwa chini na ukuta wa daraja ukikurudishia sauti, unasikia mlio mkavu wa haraka, kama njugu zinazokaangwa kwenye sufuria. Hiyo ndiyo nok. Si ile nok ya beringi za krenki zilizokwisha, ambayo fundi akiisikia anatikisa kichwa na kuanza kukuhesabia bei ya injini nyingine. Lakini hii ikiachwa iendelee, inaweza kuizaa ile.

Madhara yake hayatokani na kelele. Juu ya uso wa pistoni kuna tabaka jembamba la gesi iliyopoa kidogo, linaloikinga alumini isiguswe na joto kamili la moto. Wimbi la nok hulifagia tabaka hilo, na joto likaingia kwenye pistoni moja kwa moja. Pistoni huanza kuliwa ukingoni, au zile sehemu nyembamba zinazoshikilia ringi zikapasuka. Injini yenye turbo hufika hapo upesi zaidi, kwa kuwa hewa inayoingia imeshabanwa na kupashwa joto nje ya silinda kabla pistoni haijaigusa.

Kipimo chenyewe ni cha miaka ya 1920, na kinashikika kirahisi. Vilichukuliwa vimiminika viwili safi: iso-oktani, yenye uvumilivu mkubwa, ikapewa 100, na hepteni, ambayo hujiwasha kwa kuguswa tu, ikapewa 0. Petroli inayovumilia sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za iso-oktani na 5 za hepteni huitwa 95. Mpaka leo maabara hupima hivyo, kwa injini maalumu ya silinda moja ambayo mgandamizo wake hupandishwa na kushushwa ikiwa inazunguka.

Hapa lazima niseme habari ya Wamarekani, maana vijana wetu wanasoma sana maandishi yao. Mmarekani akiandika kwamba gari lake la turbo linataka 91 au 93, Mkenya au Mtanzania anafurahi: kumbe mafuta yetu yanatosha na kubaki! Sivyo. Namba ya Marekani ni wastani wa vipimo viwili, hiki nilichokieleza na kingine kinachofanywa kwa joto na mizunguko ya juu zaidi, na daima hutoka ndogo. Petroli yao ya kawaida, ya 87, ni takriban 91 ya kipimo chetu. Premium yao ya 91 ni takriban 95 au 96 ya kwetu, na ile ya 93 inakaribia 98. Ukichukua ushauri wa mtu wa Texas bila kubadilisha namba, umeshajidanganya kwa daraja zima la mafuta.

Sasa, injini iliyopangiwa 100 ikipewa pungufu inafanya nini? Mfano ninaoupenda ni Toyota Mark X, gari ambalo halikosekani mtaani. Mark X ya kwanza, ya mwaka 2004, ilikuja na injini ya V6 ya lita 2.5, 4GR-FSE, ikidai premium na kutoa nguvu za farasi 215. Toleo la pili, la mwaka 2009, lilikuja na injini ya jina lilelile na ukubwa uleule, lakini safari hii Toyota wakaipanga itumie petroli ya kawaida ya Japani. Ikatoa farasi 203. Farasi 12 zimeondoka, chini kidogo ya asilimia 6. Hayo ni makadirio ya kiwanda chenyewe, kimekaa mezani na kuamua: tukimpunguzia mteja gharama ya mafuta, tumpunguzie na nguvu kiasi hiki, na gari lidumu. Siijui hesabu ya wazi kuliko hiyo katika jambo hili zima.

Ila Mark X ile ya pili ilipangwa kiwandani. Gari lililopangiwa premium halafu likapewa ya kawaida linabidi lijipange lenyewe, barabarani, huku unalikanyaga. Kwenye bloku ya injini kumefungwa sensa, kidude kidogo cha mviringo chenye fuwele ndani inayozaa umeme ikitikiswa. Kwa silinda za ukubwa wa Subaru kinasikiliza mtikisiko wa kiasi cha kilohezi 6 hivi, maana huko ndiko nok inakolia. Kompyuta ikiisikia, inachelewesha cheche kwa nyuzi chache. Isipotulia, inachelewesha zaidi, na kwenye turbo inapunguza na presha. Ikiona hali inajirudia, inaandika kwenye kumbukumbu yake kwamba mafuta haya si mazuri, na kuanzia hapo inaendesha kwa uoga hata pale pasipo na hatari.

Watu wakisikia hivyo wanasema, basi tatizo limekwisha, kompyuta inanilinda. Inakulinda kweli, na usiidharau. Lakini tazama namna inavyofanya kazi: haiwezi kuzuia nok ambayo haijaisikia. Lazima kwanza igonge, ndipo irudi nyuma. Baada ya muda inajaribu tena kusogeza cheche mbele, maana imeandikwa kutafuta nguvu, na ikigonga tena inarudi. Kila jaribio moja moja ni dogo na pistoni inalivumilia. Yakizidi, kwenye joto, mizigo na milima, kwa miaka, ndiyo unaanza kuula mtaji. Tena cheche iliyochelewa inamaanisha moto unaendelea kuwaka wakati pistoni imeshaanza kushuka, kwa hiyo joto ambalo lingeisukuma pistoni linatokea ekzosi. Unachoma mafuta kupasha turbo moto.

Mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilijaribu magari ambayo viwanda vyake vinapendekeza premium lakini havilazimishi. Kwa wastani premium iliongeza nguvu kwa asilimia 1.4 na kupunguza ulaji wa mafuta kwa asilimia 2.7. Kiasi hicho ni kidogo, na premium mara nyingi huwa ghali kwa zaidi ya asilimia 2.7. Mwenye gari la aina hiyo ana haki ya kuweka ya kawaida na kulala usingizi. Magari mengi ya kasi ya Ulaya yamo humo: kwenye mlango wa tangi yanaandika 98, na chini yake 95 kama kiwango cha mwisho. Kiwanda kimekwambia chenyewe mpaka uko wapi. Na mwenye Vitz au Axio ya injini ya 1NZ, gari lililopangiwa ya kawaida toka siku ya kwanza, hana anachokitafuta kwenye pampu ya bei ya juu. Injini yake haina namna ya kuitumia oktani iliyozidi.

Hayo ni magari yanayopendekeza. Impreza STI na ndugu zake hazipendekezi, zinadai.

Mpwa wangu anaishi Nairobi na ana Forester ya turbo, injini ya EJ20. Gari zuri, analitunza kuliko nafsi yake. Kila akishuka Mombasa kwa Idi alikuwa na lalamiko lilelile. "Mjomba, shikamoo. Hili gari Nairobi linaruka, nikifika huku linakuwa zito. Hewa ya pwani hailitaki." Nikamwambia marahaba, na hewa ya pwani haina neno, tufungue tuone.

Ukiwa na waya na kompyuta ya mapajani, Subaru za miaka ile zinakusomea mengi. Kuna namba moja ambayo kila mwenye EJ angepaswa kuijua: kizidishi cha cheche. Ikiwa 1, kompyuta inaamini mafuta na inatumia cheche yote iliyopangiwa. Ikishuka, imepoteza imani. Tuliondoka Changamwe asubuhi, yeye kwenye usukani, mimi pembeni na namba mapajani. Miritini ilikuwa 1. Kwenye kupanda Mazeras tulikuwa nyuma ya malori ya makontena, yanayotambaa. Nafasi ikapatikana, mpwa wangu akiwa gia ya nne, injini iko chini ya mizunguko 3,000, akakanyaga mpaka chini ili ayapite. Turbo ikajaza. Kwenye safu ya nok zikaanza kutokea namba hasi, moja, mbili, kisha mfululizo, na kizidishi kikaanguka kikapita nusu kikiteremka. Hatukusikia kitu. Redio ilikuwa inazungumza, kiyoyozi kinavuma. Gari lilijua, sisi hatukujua.

Tukampelekea fundi, akazichomoa plagi, akaziangalia moja moja kwenye jua. Plagi ya silinda ya nne akaishika muda mrefu. "Tazama hapa, mzee wangu." Kwenye kaure nyeupe inayozunguka ncha kulikuwa na vitone vyeusi vimetapakaa, na katikati yake chembe mbili tatu zinazong'aa. "Hii ni alumini. Pistoni imeanza kutoa salamu." Mpwa wangu akanyamaza. Alumini ile haikutoka kwenye hewa.

Kwa nini Nairobi halilalamiki? Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu karibu sehemu moja ya tano likilinganishwa na la Mombasa. Hewa nyepesi hujaza silinda kidogo, mgandamizo wa mwisho unakuwa mdogo, na haja ya oktani inashuka. Ndiyo sababu majimbo ya Marekani yenye milima mirefu yameuza kwa miaka petroli ya 85 kama ya kawaida. Kwenye gari lenye turbo nafuu hiyo ni ndogo, maana turbo inazunguka kwa kasi zaidi na kurudisha sehemu ya hewa iliyokosekana, lakini ipo. Ongeza ubaridi wa Nairobi. Sasa literemshe gari lilelile mpaka usawa wa bahari, hewa nzito, jua la saa nane, intakula, yaani kipoza hewa ya turbo kilicho juu ya injini, imeshiba joto kwa sababu gari limesimama foleni nyuma ya malori na hakuna upepo unaoipita. Ni mafuta yaleyale, ila deni limepanda.

Nimewasikia watu wakilaumu sheli fulani fulani za pwani kwa hali hii. Yapo mafuta machafu, nitayafikia, lakini ni vizuri kujua petroli inavyotufikia. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013. Tangu hapo petroli yote ya Kenya inaletwa imeshasafishwa, inashushwa Kipevu, na ya bara inaingia kwenye bomba moja la kwenda Nairobi. Petroli ya kampuni hii na ya kampuni ile zimesafiri pamoja. Kinachotofautisha majina kwa sehemu kubwa ni viungo vinavyotiwa mwishoni, hasa vya kusafisha vali na nozeli. Viungo hivyo vina faida yake, na injini iliyo safi ndani hupunguza nok kidogo, maana masizi kwenye kichwa cha pistoni hushika joto na kupunguza nafasi. Lakini kusafisha ni jambo moja na oktani ni jambo jingine. Jina la kupendeza kwenye pampu haliongezi uvumilivu wa mafuta. Uliza namba, na asiyekutajia namba usimlipe bei ya namba.

Uchafuzi ni uovu wa aina nyingine, na hasira yangu juu yake siifichi. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno, kwa hiyo hata kidogo kikichanganywa na petroli kinaishusha namba nzima. Serikali zetu zinajua. Tanzania, kupitia EWURA, mamlaka yake ya kudhibiti nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuyatia mafuta alama maalumu ili yaliyochanganywa yakamatwe. Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Aliyeumia na tozo ile ni mama anayepikia stovu na mtoto anayesomea koroboi, na bado mwenye turbo hana uhakika wa kilichomo tangini. Mchanganyaji mmoja ametuumiza sote.

Wapo wanaotaka kuziba pengo kwa njia za mkato. Chupa za kuongeza oktani zimejaa kwenye maduka ya vipuri. Chupa inaahidi pointi 5, mnunuzi anahesabu kutoka 93 mpaka 98, kumbe katika biashara hiyo pointi mara nyingi ni sehemu ya kumi ya oktani. Pointi 5 ni nusu oktani. Nyingi zina manganizi, na ukizitumia kwa mazoea utazitoa plagi zimegeuka rangi ya kutu.

Wengine wanatafuta petroli ya ndege ndogo, ile ya 100. Hii nawasihi waiache. Petroli hiyo bado ina risasi, mpaka gramu 0.56 kwa lita. Itaua katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi, na sensa za oksijeni, na hilo ndilo dogo. Risasi ilitiwa kwenye petroli kuanzia miaka ya 1920 baada ya Thomas Midgley, akifanya kazi General Motors, kugundua mwaka 1921 kwamba inazuia nok kwa bei rahisi, na dunia ikapumua sumu hiyo kwa karne nzima, watoto wakiwa wa kwanza kuumia akili. Kusini mwa Sahara tuliachana nayo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuzia magari, iliacha mwaka 2021, na tangazo la kufungwa kwa ukurasa huo lilitolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao Nairobi. Kuirudisha mtaani petroli ya risasi ili gari liruke zaidi taa ikiwaka kijani ni dhuluma kwa mtoto wa jirani.

Dawa ya kweli ni kuliandikia gari upya ramani yake kwa mafuta tuliyonayo. Ndicho Toyota walichofanya na Mark X ya pili, na ndicho tulichofanya na gari la mpwa wangu. Kwanza plagi mpya zenye ubaridi unaostahili, mipira ya turbo ikakaguliwa uvujaji, na njia ya petroli ikapimwa presha, maana injini iliyokosa petroli ya kutosha hugonga hata ukiipa oktani ya mbinguni. Kisha mtu anayeijua kazi akakaa na kompyuta, akapunguza presha ya turbo kidogo pale inapojaza mapema, akarudisha cheche nyuma kwenye mizigo mikubwa, akaongeza petroli kidogo kwa ajili ya kupoza. Kazi ikafanywa huku chini, kwenye joto. Hilo nililisimamia mwenyewe. Mafundi wengi wa kazi hii wako Nairobi, na ramani iliyoandikwa Nairobi jioni yenye ubaridi inaweza kuwa salama kule na ikagonga ukifika Voi saa saba mchana.

Mpwa wangu alihofia kupoteza farasi. Nikamwambia farasi za kwenye karatasi hakuwahi kuwa nazo kwa mafuta haya, kompyuta ilikuwa inamnyang'anya kila akikanyaga. Tukapanda tena Mazeras, kizidishi kimekaa 1 mpaka Mariakani.

Nikamwomba na jambo la pili, ambalo halina gharama. Akitaka kulipita lori, ashuke gia ya tatu kwanza. Mguu mzima kwenye gia kubwa, injini ikizunguka polepole, ndiyo hali inayokaribisha nok kuliko zote, kwa sababu gesi ya pembeni inapata muda mrefu wa kubanwa kabla moto haujaifikia. Kwa Forester mpya zaidi, zile za injini ya FA20 zinazoingiza petroli moja kwa moja kwenye silinda, zenye mgandamizo wa 10.6 na farasi 280, hili ni la lazima. Injini za namna hiyo zina hatari nyingine ya moto kuwaka kabla ya cheche kwenye mizunguko ya chini, na oili ya daraja la zamani huichochea. Mwenye gari hilo atafute oili ya daraja jipya la API SP na asione uvivu kushuka gia.

Ukiwa unanunua, usiridhike na mlio wa ekzosi. Mwombe muuzaji muunganishe waya, mwende barabara yenye mwinuko, muisome namba ile injini ikiwa imepata moto. Omba kuziona plagi. Muuzaji anayekataa plagi zisichomolewe ameshakujibu.

Na sheli ziandike namba. Marekani sheria inalazimisha namba ya oktani ibandikwe kwenye pampu, kibandiko cha njano ambacho hata mtoto anakiona. Ulaya unakuta 95 na 98 zimeandikwa kubwa. Kwenye pampu nyingi ninazojazia mimi kumeandikwa Super na bei, basi. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na EWURA wanapanga bei ya lita, na kutangaza kila mwezi. Mamlaka yenye uwezo wa kunipangia bei ina uwezo wa kumwambia mwenye pampu aniandikie ninachokinunua, tarakimu mbili au tatu, kando ya bei, kwa maandishi yanayosomeka kutoka kwenye kiti cha dereva.